Mashua iliyotupeleka kwa mjomba

Kama una mtu wako aliyezama baharini akiwa askari, na huna kaburi la kwenda kumsomea, naandika haya kwa ajili yako. Mimi nilitafuta mtu wa kunieleza nisimpate: nichukue chombo gani, tutoke saa ngapi, nilipe kiasi gani, na mzee wa miaka 81 nimpandishe vipi. Februari ya 2024 tulikwenda na tukarudi salama. Nitaeleza yaliyokuwa mazuri na yale ambayo hayakunipendeza.

Chombo chenyewe ni mashua ya hapa Lamu. Jina lake sitaliandika kwa sababu nahodha ameniomba. Siku za kawaida hubeba mawe ya kujengea kutoka Maweni, kule kisiwa cha Manda, kuyaleta mjini, na hataki kesho watu wajazane gatini wakimtafuta kwa matembezi. Ukiwa na haja ya kweli, fika gatini mbele ya makumbusho asubuhi na mapema, uulize mashua yenye tanga la kiraka cha samawati. Waliopo watakuonyesha.

Tuliyekwenda kumsomea ni mjomba wa mama, yaani kaka yake bibi yangu. Alitoka Lamu kijana kwenda kutafuta kazi ya kubeba mizigo bandarini Kilindini. Vita vilipopamba moto akaandikishwa jeshi, akatiwa kwenye mizinga, Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani mama alikuwa mtoto wa miezi tisa. Alimletea bibi doti ya kanga na kopo la biskuti. Kanga zilichakaa zikaisha. Kopo lipo hadi leo, mama hutia sindano na nyuzi zake humo, na kifuniko chake hakifungi vizuri tangu nilipokuwa mdogo nikakikalia.

Mwanzoni mwa Februari 1944 kikosi chake kilipakiwa Mombasa kwenye meli ya Khedive Ismail, ikafuatana na meli nyingine nne za kubeba askari, safari ya Colombo. Vita vya Burma vilikuwa vikiwangoja upande ule. Ndani ya meli walikuwa watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao ni watu wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliobaki ni mabaharia wa Uingereza, wauguzi na wengineo. Jumamosi ya tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana hivi, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa ni 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Nyambizi ile ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari zilizokuwa zikisindikiza msafara, katika kuiwinda, zikaangusha mabomu yanayopasukia chini ya maji hapo hapo walipokuwa watu wetu. Hilo nimelisoma mimi. Kwa mama sikulifikisha.

Bibi aliletewa karatasi. Baada ya hapo, kila ilipoingia kaskazi, ule upepo wa msimu, alikuwa akipanda darini alasiri akaelekea baharini, akasoma alichosoma, akashuka akaendelea na mapishi yake. Akiulizwa, husema maiti wake yuko upande linakotoka jua. Mimi baadaye nikiwa mwalimu nilichukua ramani nikapima: kutoka Lamu hadi mahali ilipozama meli ni mashariki, kidogo tu kuelekea kaskazini, zaidi ya kilomita 3,400 za maji matupu. Bibi hakuwa na ramani, na upande alikuwa ameupata.

Mwaka 2019 nilikwenda Nairobi, makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Jumapili ya pili ya Novemba, siku wanapoweka mashada. Mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki uko ndani ya makaburi yale, na waliozama na Khedive Ismail wameandikwa hapo pamoja na wengine wasio na kaburi. Nililipata jina lake. Limeandikwa kwa masikio ya karani, irabu moja imepotea na jina la baba yake limekatwa katikati, lakini ni yeye. Niliweka kidole juu yake nikakaa nacho pale mpaka wenye mashada wakaondoka. Na hata hivyo huyu ana bahati. Wale wa vita vya kwanza, wapagazi wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakor kule Nairobi, wengi wao hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Niliporudi na picha ya jina, mama aliitazama sana. Kisha akaniambia kwamba ukuta wa Nairobi ni mzuri, ila yeye anataka kumwendea mjomba wake alipo. Nikamwambia alipo hakuendeki. Akasema maji ni yale yale.

Wasomaji wa pwani wanajua jambo hili, ila nalisema kwa wengine. Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Mama amezika baba, mume na kaka wawili, na mazishi yote hayo aliyaona kupitia uwazi wa mlango tu, jeneza likitoka. Kwa mjomba huyu aliyezama hapakuwa na jeneza wala mlango. Nilichelewa kuelewa kwamba hii ilikuwa nafasi yake ya kwenda mwenyewe kwa miguu yake. Tena yeye anashikilia lile tulilofundishwa chuoni, chuo cha Qurani, kwamba aliyekufa kwa kuzama ni shahidi, na shahidi, anasema, haachwi miaka 80 bila mgeni.

Basi nikaanza kutafuta chombo. Wa kwanza niliyemwendea ana boti la mashine, safi, lenye viti vya sponji na paa. Sina ubaya naye. Aliniambia shilingi 15,000, saa moja kwenda na kurudi, na akaniuliza kama tungependa muziki. Nilipomweleza shughuli yenyewe akasema hakuna tatizo, ataupunguza. Nikamshukuru nikaondoka.

Nahodha wa mashua alinisikiliza nikiwa nimesimama juani naye amekaa kwenye ukingo wa gati akishona tanga. Hakuniuliza tuko wangapi. Aliniuliza jina la marehemu, na la baba yake, akayarudia mara mbili kwa sauti ya chini ayashike. Halafu akaniuliza tarehe. Nilipomwambia kumi na mbili akaanza kuhesabu siku za mwezi, akasema mwezi utakuwa mchanga, bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na yatajaa alfajiri na kupwa karibu na adhuhuri.

Hapo ndipo tulipogombana kidogo. Mimi nilitaka saa nane na nusu mchana tuwe nje baharini, saa ile ile iliyozama meli. Nilikuwa nimeipanga kichwani miezi mingi. Akakataa moja kwa moja. Mchana kaskazi huwa imekwisha kutia nguvu, nje ya mlango kuna mawimbi, na yeye hapeleki mzee kwenye mawimbi kwa ajili ya saa. Tena, akasema, bamvua ikipwa ngazi za gati zinabaki juu na chini ni tope na utelezi. "Tutoke na mai, turudi na mai," alisema, kwa Kiamu chake, mai ni maji, na hakuongeza. Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamweleza mama nikitegemea ataniunga mkono. Mama akasema huyo ndiye, mpelekee arubuni.

Bei ilikuwa hii, kwa anayetaka kujua: shilingi 9,000 kwa mashua, nahodha na baharia mmoja kijana. Arubuni 3,000 kwa M-Pesa, iliyobaki baada ya kushuka.

Tulikuwa watu sita. Mama, mimi, dada yangu na mwanawe wa kiume, mwalimu wa chuo aliyekuja kutusomea, na jirani yetu mmoja aliyestaafu jeshi. Jirani huyu alikuwa Somalia mwaka 2012, na kila tarehe 14 Oktoba, siku ya majeshi yetu, huvaa medali zake hata kama anakwenda sokoni tu. Aliposikia habari ya safari alikuja mwenyewe kubisha hodi, akauliza kama familia itamruhusu. Asubuhi ile alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, medali kifuani.

Baada ya sala ya Alfajiri tuliteremka gatini. Maji yalikuwa yamejaa mpaka yanalamba ngazi za juu, kama alivyosema, na mashua imesimama sawa na ngazi, hata mama hakulazimika kuinua mguu zaidi ya kizingiti cha nyumba yake. "Ndoo mama, shika mkono wangu," akasema nahodha, yaani njoo, na mama akapanda kama anaingia chumbani. Nilimtazama nahodha nikataka kumwomba radhi, ila alikuwa tayari anafungua kamba.

Mashua ilikuwa imeoshwa na kutandikwa mkeka mpya. Hata hivyo vumbi la mawe halitoki kwa kuosha mara moja, na buibui zetu zilirudi zina ukungu mweupe kwenye pindo. Ukienda, usivae la siku kuu. Majaketi ya kujiokolea yalikuwepo saba, yote mazima. Nahodha hakutoka mpaka kila mmoja wetu sita amefunga lake, na la mama alilifunga dada chini ya buibui ili asione haya.

Maji yalikwisha geuka, yanakupwa, nayo yakatutoa polepole kupitia mkondo wa Lamu na Manda bila mashine, tanga nusu. Jua lilikuwa linachomoza upande wa Manda. Tulipofika kijiji cha Shela nahodha alitoa mkono akaonyesha vilima vya mchanga, akamwambia kijana wa dada yangu kwamba pale pia wamelala askari. Vita vya Shela, vya miaka ya 1812 hivi, watu wa Mombasa na Pate walipokuja kuipiga Lamu. Kwetu hili kila mtoto amelisikia, ila nahodha alilisimulia kama nahodha. Wazee husimulia kwamba wavamizi waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao ufuoni wakavikuta vimekaa mchangani, maji yamepwa, hakuna cha kusukuma wala cha kutweka. Wakauawa hapo. Upepo ukivuma sana mifupa hujitokeza mchangani. "Walikuwa na watu, walikuwa na silaha," alisema. "Mai hawakuyahesabu." Mwalimu wa chuo aliwasomea Fatiha nao, wavamizi wale, na sisi tukaitikia.

Tulipopita Ras Kitau mashua ilianza kunyanyuka na kushuka. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika ubao kwa mikono yote miwili na uso umetulia. Nahodha akawasha mashine sasa, ikatusukuma nje, mpaka Shela ikawa mstari na mbele hakuna kitu ila maji. Hapo nahodha akazima mashine, akateremsha tanga, akatoa mfuko wa plastiki chini ya ubao wa nyuma. Ndani yake mlikuwa na kofia ya vito, nyeupe, imefuliwa. Akavua kilemba chake cha kazini akaivaa. Kijana wake naye akatoa yake. Mimi nimekwenda Nairobi nikaona watu wazima wakivua kofia zao kwa heshima ya wafu, ikanigusa. Kofia ile iliyotolewa mfukoni ilinigusa zaidi.

Mwalimu akasoma Yasin. Upepo ulikuwa bado mwororo, sauti ikasikika yote. Kwenye dua nilishtuka kumsikia nahodha akitaja jina la mjomba na la baba yake, sawasawa kama tulivyozoea nyumbani, irabu zote mahali pake. Alikuwa ameyashika tangu siku ile juani.

Kisha jirani yetu akaomba jambo. Akasema wao jeshini wana desturi ya dakika mbili za kimya, na kama mama ataridhia angependa ifanywe, kwa mjomba na kwa wenzake aliowaacha Somalia. Mama akasema, mwanangu, fanya. Akasimama. Nahodha akamwambia ashike mlingoti kwa mkono wa kushoto, akaushika, wa kulia akaupeleka kwenye kipaji cha uso. Kijana wa dada akaangalia saa.

Zile dakika mbili za meli nilizisoma mara nyingi, zimo katika maelezo mengi. Nilikuwa sijapata kuzikaa. Kulikuwa na maji yakipiga ubavuni, kamba ya foromali ikigonga mti, pumzi ya mama. Nikaanza kufikiri mtu aliye chini ya sitaha anahitaji nini ili atoke. Ashtuke. Ajue ni nini. Ainuke. Aipate ngazi, na ngazi ina watu, na meli imelala upande. Nilikuwa nadhani muda umekwisha, nikamtazama kijana, akaninyoshea kidole kimoja: bado moja. Sikuweza kuendelea kufikiri. Nilimshika mama mkono, naye akaubana wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Jirani yetu aliposhusha mkono, mama aliomba mrashi. Ni mrashi wa fedha wa bibi, ule wa harusi, tuliutia marashi ya mawaridi usiku. Kwetu ukizuru kaburi unalinyunyizia. Akainama ukingoni, kijana wa nahodha amemshika kiunoni kwa adabu na mkono mmoja, naye akanyunyiza baharini, tena, tena, mpaka ukaisha. Akazungumza. Sikuyasikia yote na niliyoyasikia ni yake. Nilisikia tu akisema, "Ni mimi, yule mtoto."

Tulikuwa na asumini pia, dada alizitunga vikuba usiku kwa uzi wa nailoni. Nahodha akaziona, akaomba radhi, akasema uzi ule kasa anaumeza. Tukakaa sote chini tukazichomoa asumini mojamoja. Ilichukua muda mrefu, na ilikuwa sawa. Hakuna aliyetaka kuondoka. Maua yalipotupwa yalikwenda na maji, mashariki kusini, na tukayatazama mpaka hayaonekani. Ukienda wewe, funga maua kwa uzi wa pamba au ukindu.

Sasa yale yasiyonipendeza. Kwenye simu nahodha aliniambia shughuli ni mpaka saa sita. Haikuwa hivyo, na nadhani alijua tangu mwanzo. Maji yakiwa yanakupwa kwa nguvu ya bamvua kurudi mjini si jambo la mara moja, na ngazi zingekuwa juu kama alivyosema mwenyewe, kwa hiyo alituweka ufuoni Manda kungoja maji yageuke. Kwa sisi ni raha, kuna kivuli, tulikula mahamri na mbaazi na kahawa ya tangawizi. Kwa mtu wa miaka 81 ni siku ndefu. Choo hakuna. Dada na mimi tulimshikia mama shuka kichakani, na jambo kama hili mtu huambiwa mapema ajipange. Ubao wa kukalia hauna egemeo, na mgongo wa mama uliuma siku tatu. Niliweka mto, hautoshi, chukua kiti cha plastiki chenye egemeo, yeye atakifunga kwa kamba. Mwisho, baada ya kushuka, aliniongezea shilingi 1,200 za petroli ambazo hatukuzitaja mwanzo. Nililipa. Nilimwambia pia kwamba angenieleza siku ya arubuni, akakubali, akasema wanaobeba mawe hawamuulizi.

Kwa hayo nampunguzia nyota moja, ninampa nne. Kama ungekuwa unanunua starehe ningempa tatu, na yule wa boti la mashine ungemfurahia zaidi.

Maji yaligeuka baada ya adhuhuri. Tuliingia mkondoni na upepo mzuri wa ubavuni, tanga limejaa, mashine imezimwa, maji yanatupeleka nyumbani. Mama alikuwa amelala kidogo begani kwa dada. Tulikuwa kati ya Shela na mji, tunaona paa za makuti na mnara wa msikiti, kijana wa dada yangu aliponigusa akanionyesha saa. Saa nane na nusu. Nahodha alikuwa ameshika usukani anatazama mbele. Sijui kama alipanga, na sikumuuliza. Nilimwamsha mama nikamwambia, saa ndiyo hii. Akajiweka sawa, akasoma Fatiha moja, akafuta uso. Tukafika gatini maji yamefika ngazi ya katikati.

Pale ngazini mama, kabla ya kushuka, alimuuliza nahodha tarehe kumi na mbili ya mwakani maji yatakuwaje. Akahesabu kwa vidole, siku kumi au kumi na moja zinarudi nyuma, akasema itaangukia karibu na Nisfu Shaaban, mwezi mpevu, bamvua tena, tutoke alfajiri tena. Mama akasema vizuri. Jirani yetu akauliza kama kutakuwa na nafasi ya wenzake wawili wastaafu, na nahodha akasema mashua inabeba mawe, haitashindwa na wazee wawili.

Arubuni ya mwakani alikataa kuipokea. Alisema mtu haweki arubuni kwa siku ambayo hajui kama atakuwapo. Lakini juzi nilipopita gatini niliona amegongomelea ubao wa egemeo kwenye kile kiti cha nyuma, mbao mpya, bado haijatiwa mafuta.